Machozi Mengi, Mafuta Machache: Uchambuzi wa Kisa cha Fundi Cherehani wa Makoroboi

Mgonjwa anayezungumziwa hapa ni mama wa miaka 47, fundi cherehani mwenye kibanda cha kushonea eneo la Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza. Alifika kliniki yetu ya macho mwezi wa Julai, mvua zikiwa zimekwisha kitambo na vumbi limetanda juu ya majani ya miembe, akiwa na malalamiko aliyoyasema kama mtu aliyechoka kuyarudia: macho yanachoma, yanakwaruza kana kwamba yameingia mchanga, na yanatoa machozi mfululizo hadi matone yanadondokea vitambaa vya wateja. Kisa chake kinaelezwa kwa ridhaa yake, na mambo machache yasiyohusu ugonjwa yamebadilishwa ili asitambulike.

Tatizo lilikuwa limeanza yapata miaka miwili nyuma. Asubuhi aliamka kope zimegandana kidogo na kingo zake zina ukoko mwembamba. Akishanawa alipata nafuu hadi saa tano hivi. Lakini kuanzia saa nane mchana, feni ya mezani ikiwa imewashwa kupambana na joto la mabati, macho yalianza kuwaka. Kikazi, kilichomsumbua zaidi ni kuona kunakobadilikabadilika: tundu la sindano lilipotea katika ukungu, akapepesa macho mara mbili tatu, likarudi. Alikuwa amebadilishiwa miwani ya kusomea mara mbili bila faida yoyote, na hilo peke yake lingetosha kumtia shaka anayempima, kwa sababu upungufu wa kuona unaohitaji miwani hauondoki kwa kupepesa.

Alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba ana mzio, akapewa vidonge na matone ya mzio. Alikuwa ameosha macho kwa maji ya chumvi kwa ushauri wa jirani. Mwishowe alitulia kwenye chupa ndogo ya matone aliyouziwa dukani bila cheti cha daktari, yenye antibayotiki iliyochanganywa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi. "Hii ndiyo pekee inayonisikiliza," alisema huku akiitoa kwenye mkoba. "Nikiweka leo, kesho wekundu umekwisha." Alikuwa akiitumia, akiiacha na kuirudia kwa karibu mwaka mzima, kila macho yalipochachamaa. Aidha alikuwa amepata chokea mara kadhaa, zote katika jicho la kulia. Hakuwa na kisukari, kinywa hakikuwa kikavu, viungo havikuuma, kipimo cha Virusi vya UKIMWI kilikuwa hasi, na hedhi yake ilikuwa imekoma mwaka uliotangulia. Tangu usichana wake alijipaka wanja kila siku, na aliupaka ndani ya ukingo wa kope, si nje yake.

Nilipomwambia kwamba nadhani ana ukavu wa macho, alinitazama kwa huruma kidogo. "Daktari, nisamehe, lakini mimi sina ukavu. Mimi nina maji mengi mno." Pingamizi hilo ni la haki kabisa, na mgonjwa asipojibiwa hapo hawezi kufuata matibabu yanayokuja, kwa sababu yatamwonekea hayahusiani na shida aliyoileta.

Machozi yanayolifunika jicho si maji matupu. Ni utando wenye unene wa mikromita chache tu, ambao kwa chini hushikamana na uso wa jicho kwa ute, katikati una maji yenye chumvi na protini kutoka tezi za machozi, na juu kabisa hutandazwa mafuta mepesi yanayozuia maji hayo yasikaushwe na hewa. Mafuta hayo hutoka katika tezi zilizojipanga wima ndani ya kope, takribani 25 hadi 40 katika kope ya juu na 20 hadi 30 katika kope ya chini, ambazo zina jina la Heinrich Meibom, daktari Mjerumani aliyezieleza kwa kina mwaka 1666. Kila tunapopepesa macho, misuli ya kope huzibana tezi hizo, nazo hutoa mafuta kidogo kupitia vitundu vilivyo ukingoni, nyuma tu ya mstari wa nywele za kope. Vitundu vikiziba, au mafuta yakiwa mazito kiasi cha kutotoka, maji hubaki bila kifuniko, utando hupasuka kabla jicho halijapepesa tena, na uso wa konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, huachwa wazi. Neva za konea, ambazo ni nyingi na nyepesi kuhisi, hutoa taarifa. Tezi kubwa ya machozi hujibu kwa kumwaga maji kwa mkupuo. Maji hayo, kwa kuwa hayana mafuta ya kutosha juu yake, hutiririka shavuni na kukauka, na mzunguko huanza upya. Mama huyu alikuwa na maji mengi kweli, lakini hayakukaa mahali yalipotakiwa kukaa.

Uchunguzi ulithibitisha hivyo. Jicho la kulia lilisoma mstari wa 6/9 wa chati ya herufi, pungufu kidogo ya kawaida, na baada ya kupepesa likasoma 6/6, ambayo ndiyo kawaida, kwa muda mfupi kabla ya ukungu kurudi. Karatasi ya Schirmer, iliyowekwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5, ililowa milimita 19 kulia na 17 kushoto, wakati zaidi ya milimita 10 huhesabiwa kuwa ni sawa. Kwa hiyo tezi za maji zilikuwa nzima. Lakini baada ya kutiwa rangi ya fluoresini na kumulikwa kwa mwanga wa buluu, utando wa machozi ulipasuka ndani ya sekunde 3 kulia na 4 kushoto, ilhali utando wenye afya hutarajiwa kudumu angalau sekunde 10. Theluthi ya chini ya konea ilionyesha vidoa vidogo vya kijani, dalili ya seli zilizojeruhiwa kwa kukaa bila kinga.

Kipimo nilichokipa uzito kuliko vyote hakikuhitaji kifaa chochote zaidi ya kidole na darubini ya macho. Ukingo wa kope ulikuwa mnene, wenye mishipa midogo ya damu iliyovuka mahali isipostahili kuwepo, na vitundu vya tezi vilionekana vimefunikwa na vizibo vidogo vilivyotuna, baadhi vikiwa na punje nyeusi za wanja. Nilipoibonyeza kope ya chini kwa upole kwa sekunde kama kumi, tezi za katikati, ambazo kwa mtu mwenye afya hutoa tone angavu mara moja, hazikutoa kitu. Nilipoongeza nguvu kidogo, vitundu vitatu vilifunguka na kutoa ujiti mzito wa rangi ya manjano iliyopauka, uliosimama wima juu ya ukingo kama dawa ya meno inavyotoka kwenye tyubu, bila kusambaa. Mafuta hayo hayatandazwi na kupepesa kokote. Upande wa nje wa kope ya kulia, mahali chokea zilipokuwa zikitokea, tezi hazikutoa chochote hata kwa nguvu. Nashangaa mara nyingi ni wagonjwa wangapi wa macho yanayowasha wanaopimwa miwani, presha na kila kitu bila kope yao kubonyezwa hata mara moja.

Ilinipasa pia kuondoa magonjwa mengine yanayofanana na hili. Katika nchi yetu, kope inayokwaruza lazima igeuzwe ndani nje kutafuta makovu ya trakoma, kwa sababu ugonjwa huo huweza kuharibu tezi hizi hizi na pia kuzielekeza nywele za kope zikalichubue jicho; hapakuwa na kovu wala unywele uliopinda. Mzio haukuelekea kuwa chanzo kikuu, kwani yeye alilalamikia kuchoma zaidi kuliko kuwasha, na ndani ya kope hamkuwa na vipele. Nilitafuta dalili za ugonjwa wa ngozi ya uso uitwao rosasia, ambao huambatana sana na kuziba kwa tezi hizi na ambao kwenye ngozi nyeusi hupita bila kutambuliwa kwa kuwa wekundu wake hauonekani kirahisi. Nilipapasa ngozi ya mashavu na pua kutafuta vipele na ukavu, sikuviona. Shinani mwa nywele za kope hapakuwa na vile vijisilinda vya ukoko vinavyoashiria wingi wa utitiri wa Demodex. Kilichobaki ni umri na kukoma kwa hedhi, kwa kuwa homoni za androjeni zinazochochea tezi hizi hupungua. Wanja uliokuwa ukisukumwa kila siku kwenye vitundu. Na kazi inayomfanya mtu akodoe macho kwa muda mrefu bila kupepesa, huku feni ikimpulizia usoni.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuwa na subira. Presha ya jicho la kulia ilikuwa milimita 27 za zebaki na ya kushoto 25, ilhali kiwango cha kawaida hakizidi 21. Neva za macho zilionekana nzima, na presha hiyo ilikuwa na maelezo ya wazi: steroidi ya matone humpandishia presha mtu mwenye mwelekeo huo, naye hahisi chochote hadi neva inapokwisha kuliwa, na matumizi ya muda mrefu huleta pia mtoto wa jicho. Chupa ile ilimsikiliza kweli, maana steroidi hutuliza uvimbe na wekundu haraka, ila haikugusa hata kizibo kimoja. Tuliisimamisha siku hiyo hiyo. Nilimweleza kwamba wekundu ungeweza kuzidi kwa wiki moja au mbili, na kwamba hiyo isiwe sababu ya kurudi dukani. Asiyeambiwa hilo mapema hurudi dukani, na sioni haki ya kumlaumu.

Msingi wa matibabu ulikuwa kukanda. Kila mtu hapa anajua kukanda kwa maji ya moto, na ndiyo maana ushauri huu hupuuzwa: mgonjwa hutarajia dawa, naye anapewa taulo. Lakini tatizo lenyewe ni la joto. Mafuta ya tezi zenye afya huyeyuka karibu na joto la kope lenyewe, nyuzi 32 hadi 35 hivi, ilhali mafuta ya tezi zilizougua huhitaji joto zaidi ya hilo. Kope inapaswa kufikia karibu nyuzi 40 na kukaa hapo kwa dakika kadhaa, na kitambaa kimoja kilicholoweshwa na kuwekwa machoni hupoa ndani ya dakika mbili. Mama alikwisha kujaribu kukanda, alisema, na hakuona tofauti. Nilipomwomba anionyeshe, alichovya kitambaa mara moja, akakibana machoni muda wa kusema salamu, akakiweka pembeni.

Tulipanga utaratibu unaowezekana nyumbani kwake. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 96. Kikombe kimoja cha maji yaliyotoka kuchemka kikichanganywa na vikombe viwili vya maji ya bomba hutoa maji ya nyuzi 48 hivi, na yakishaingia kwenye taulo na kukamuliwa joto hushuka hadi nyuzi 40 na ushei. Maji ya moto yakae kwenye chupa ya chai ili beseni liongezwe joto bila kurudi jikoni. Taulo mbili ndogo hupokezana, moja machoni na nyingine ndani ya beseni, kila moja kwa dakika mbili, hadi zitimie dakika 10, asubuhi na jioni. Kabla ya kila taulo kuwekwa machoni, hujaribiwa kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono, kwani ngozi ya kope ni nyembamba kuliko yote mwilini na huungua upesi. Nilimkataza kukanda kando ya jiko la mkaa, maana moshi wake ungebomoa upande mmoja kilichojengwa upande wa pili.

Joto peke yake huyeyusha, halitoi. Mara tu baada ya taulo ya mwisho, mafuta yakiwa bado laini, kope husuguliwa kwa ncha ya kidole kisafi macho yakiwa yamefumbwa: ya juu kutoka juu kushuka ukingoni, ya chini kutoka chini kupanda ukingoni, kwa mkono mwepesi usiolibana jicho lenyewe. Kisha ukingo hupanguswa kwa pamba iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Kwa kuwa baadhi ya vizibo vilikuwa sugu, ziara ile ile nilimtia matone ya ganzi, nikavitoboa na kuzikamua tezi za kope za chini, jambo ambalo si tamu hata kwa ganzi na alilolivumilia kwa kushika ukingo wa kiti.

Juu ya hayo aliandikiwa machozi ya bandia ya kaboksimetiliselulosi ya asilimia 0.5, mara nne kwa siku, si zaidi. Mpaka huo una sababu: chupa nyingi zilizopo madukani huwa na kihifadhi cha benzalkoniamu kloraidi ambacho, kikitiwa mara nyingi, huichubua konea na kuupasua utando wa mafuta tunaojaribu kuurudisha. Anayehitaji zaidi ya hapo anastahili machozi yasiyo na kihifadhi, ambayo ni ghali na si kila duka linayo. Wanja ulihamishiwa nje ya mstari wa nywele; kuuacha kabisa alikataa, na sikuona sababu ya kugombana naye. Feni ilishushwa chini ya meza ipulizie miguu. Kwa bahati njema mshonaji hutazama chini, na jicho linalotazama chini hufunikwa na kope zaidi kuliko la mtu anayetazama kioo cha kompyuta kilicho mbele yake, kwa hiyo hatukuhitaji kubadilisha mkao wake. Tulihitaji tu kwamba kila anapomaliza mshono mmoja afumbe macho kikamilifu, kope zikutane, kabla ya kuanza mwingine. Kupepesa nusunusu hakukamui tezi.

Aliuliza kuhusu chakula, na hapa pwani ya ziwa swali hilo huwa na jibu tayari: kula samaki. Mafuta ya omega-3 yamesifiwa sana kwa ugonjwa huu, lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, uliowapa wagonjwa wa macho makavu miligramu 3,000 za omega-3 kwa siku na kuwalinganisha na waliopewa mafuta ya zeituni, haukuona tofauti ya maana baada ya miezi 12. Nilimwambia dagaa aendelee kuwala kwa sababu ni chakula kizuri, na fedha za vidonge vya mafuta ya samaki azitumie kununua machozi ya bandia.

Aliporudi baada ya wiki sita, presha ilikuwa imeshuka hadi 18 kulia na 17 kushoto bila dawa yoyote ya presha. Utando wa machozi ulidumu sekunde 5. Machozi ya kutiririka yalikuwa yamepungua, ila kuchoma kwa mchana kulibaki, na tezi zilizobonyezwa zilitoa mafuta mazito yenye chembechembe. Hapo ndipo nilipoongeza doksisaiklini, miligramu 100 kwa siku kwa wiki sita. Kazi yake hapa si hasa kuua vijidudu; kwa kiasi hicho hupunguza uvimbe na huvizuia vimeng'enya vya bakteria wa kope vinavyoyavunja mafuta na kuyageuza kuwa asidi zinazochoma jicho. Sikuianza ziara ya kwanza kwa makusudi, kwani nilitaka kujua joto lenyewe lingefika wapi, na pia kwa sababu mgonjwa akipewa kidonge na taulo siku moja, taulo huachwa. Dawa hii haipewi mama mjamzito wala mtoto chini ya miaka 8, humezwa kwa bilauri nzima ya maji mtu akiwa wima ili isiunguze umio, haichanganywi na maziwa wala vidonge vya madini ya chuma, na huifanya ngozi iungue juani kirahisi, jambo lenye uzito kwa mji ulio nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta. Alinunua kofia pana.

Mwezi wa Novemba sekunde zilikuwa 8 kulia na 9 kushoto, na vidoa vya kijani vimetoweka. Kisha zikaja sare za harusi za Desemba na sare za shule za Januari, akawa analala saa saba usiku na kukanda kukasahaulika. Februari alirudi na sekunde 5, vitundu vikiwa vimeanza kuziba upya na chokea changa ikichungulia palepale pa zamani. Hakuwa amegusa steroidi. Tulianza tena na kukanda mara mbili kwa siku kwa mwezi mmoja, kisha mara moja kila usiku, kiwango ambacho yeye mwenyewe alikiri anaweza kukishika hata wakati wa sare.

Tezi za pembe ya nje ya kope ya kulia bado hazitoi kitu. Nilipoigeuza kope na kuimulika kwa kurunzi kutoka upande wa ngozi, mistari ya tezi ilionekana imekatika katika eneo hilo, na tezi iliyokwisha kunyauka kiasi hicho haitarajiwi kuota tena. Tunachokilinda ni zilizobaki. Huko ng'ambo zipo mashine zinazopasha kope joto kwa ndani na kuikamua kwa wakati mmoja, zilizoruhusiwa Marekani tangu mwaka 2011, lakini kwa mgonjwa ambaye tezi nyingi bado huitikia taulo sikuona haja ya kumtamanisha. Mpango uliopo ni kumwona kila baada ya miezi sita, presha ikipimwa kila mara kwa kuwa amekwisha kuonyesha jinsi jicho lake linavyoipokea steroidi, na faili lake limeandikwa hivyo kwa maandishi makubwa. Chokea ikirudi pale pale licha ya kukanda kwa uaminifu, au ukingo ukianza kupoteza nywele, atapelekwa hospitali ya Bugando kukatwa kinyama cha kupimwa, kwa sababu saratani ya tezi za mafuta za kope, ingawa ni nadra, hujificha nyuma ya sura hiyo hiyo.